Bafu la Mama, Katandala

Fundi Kalisto alizikwa Jumanne, mchana wenye upepo, na udongo mwekundu ulipeperuka kabla haujafika kaburini. Nilitoka Namanyere kwenda Sumbawanga kwa basi la asubuhi, nikiwa na kanga mbili na mchango wangu kwenye bahasha, na nilipofika nikakaa jamvini pamoja na wanawake ambao wengi wao sikuwafahamu. Mmoja aliyekuwa pembeni yangu, mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliniuliza marehemu ni nani kwangu. Hakuwa ndugu, hakuwa jirani, wala hatukuwahi kusali parokia moja. Mwisho nikamwambia ukweli, kwamba alitujengea bafu. Akanitazama kidogo, akidhani labda huzuni imenichanganya, kisha akahamisha macho kwa adabu. Nilitaka kumweleza zaidi, lakini msibani mtu hapewi nafasi ya kusimulia bafu. Mwaka ule wote wa bafu ukaja ukaketi katikati yetu pale jamvini.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na nimerudi nyumbani Katandala, mtaa wa hapo hapo Sumbawanga, kusubiri kupangiwa shule, jambo ambalo wakati ule lilimaanisha kuamka, kufagia uwanja, na kuulizwa na kila anayepita kama majina yametoka. Mama alikuwa mwalimu wa ushonaji aliyestaafu. Wanafunzi wake walikuwa wametapakaa mji mzima, wanaume kwa wanawake, na hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mwalimu tu, sokoni, kanisani na hata hospitalini. Mwezi wa kwanza, mvua ikinyesha, alikuwa amepiga magoti sebuleni akibana pini kwenye pindo la gauni la mteja. Pini zilikuwa mdomoni. Zikaanza kudondoka moja moja upande wa kulia, na mteja akacheka akidhani Mwalimu anamtania. Kilikuwa kiharusi. Alirudi kutoka hospitali baada ya wiki tano akiwa na mkongojo, na mkono wa kulia uliolala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike. Maneno yalimtoka polepole, lakini yalitoka yote.

Kilichotushinda ni kuoga. Bafu letu lilikuwa ndani ya nyumba, mwisho wa korido, na mama ndiye aliyelijenga miaka hiyo ambayo mtaa wetu wote ulikuwa bado unaoga uani. Alilipamba kwa marumaru za rangi ya waridi na chache nyeupe zilizopakiwa kwenye lori kutoka Tunduma, na wageni walioomba kunawa walikaa humo muda mrefu kuliko kunawa kunavyohitaji. Lakini kizingiti kilikuwa kirefu ili maji yasitoroke, mlango ulikuwa mwembamba, choo kilikuwa cha kuchuchumaa, na sakafu iling'aa na kuteleza kama samaki. Mama alijaribu mara moja. Akasimama mbele ya kizingiti chake mwenyewe, akakitazama, akageuka. Basi nikawa namwogesha chumbani, kwenye beseni, juu ya mkeka wa plastiki. Baridi ya Sumbawanga unaijua ukiwa umelowa. Nilipoanza kumsugua alifumba macho na kusali kimoyomoyo. Niliona midomo ikicheza. Siku ya tatu au ya nne alinishika kiganja kwa mkono wake mzima, kitambaa kikiwa bado kinachuruzika, akaniambia, "Fides, sitaki kingine chochote mwaka huu. Nataka nijioshe." Nilimwambia sioni tabu kumwogesha. Akasema hakuuliza kama naona tabu.

Ndipo nikamwita Fundi Kalisto. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye penseli nyuma ya sikio hata siku ya Jumapili, na aliyaweza yote: kujenga, kupiga ripu, kuranda mbao. Zamani, darasa la sita, mama alimfundisha kushona vifungo. Alipoingia sebuleni alivua kofia, akasema shikamoo Mwalimu, akabaki amesimama, na miezi yote aliyofanya kazi kwetu hakukubali kuketi mbele yake hata mara moja. Akaeleza kwamba kizingiti tutakivunja, mlango tutaupanua, choo kitakuwa cha kukaa, na kwenye kona ya kuogea atajenga kibaraza cha saruji ili Mwalimu aoge ameketi. Ukutani ataweka vyuma vya kushikia, kama vya hospitali. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Vyuma hapana. Nimetoka wodini, sitaki wodi inifuate nyumbani." Fundi akakuna kichwa. Siku mbili baadaye akarudi na kipande cha mbao ya mkurungu alichokichonga kikawa mviringo, laini, chekundu cha kuiva, akampa mama akishike. Mama alikipapasa kwa kidole gumba kutoka ncha hadi ncha, akakinusa, akauliza kama kitavumilia maji. Fundi akasema akikipaka vanishi mara nne kitamzika yeye Kalisto. Sikuwahi kuyakumbuka maneno hayo mpaka Jumanne ile.

Kazi ilianza mvua zilipopungua. Marumaru za waridi zilibanduliwa kwa tindo na nyundo, na kila iliyopasuka mama aliisikia akiwa chumbani. Niliona shingo yake ikishtuka. Nyingi zilikufa vipande vipande. Nilikuwa nimeshaanza kuvizoa kwenye kiroba nikavitupe alipotokea koridoni na mkongojo wake, akataka nimletee kiti na ungo. Akanieleza alichokiona: vipande vidogo, vikilazwa karibu karibu na saruji katikati, mguu hautateleza, kwa kuwa kila hatua itakanyaga mikwaruzo mingi. Na rangi haitapotea. Fundi alipoelezwa alisema kwamba miaka yote hiyo amekuwa akiwashauri watu wanunue marumaru za kukwaruza, mbaya kama barabara ya changarawe, na jibu lilikuwa kwenye takataka. Kuanzia siku hiyo mama alikuwa na kazi. Aliketi koridoni, ungo mapajani, akichambua vipande kwa mkono wa kushoto kama anayechambua mchele, vya waridi huku, vyeupe huku, vyenye kona kali pembeni. Kwenye karatasi ya mirabaraba aliyokuwa akifundishia kuchora mitindo, alichora kwa mkono huo huo usiozoea ua la pembeni, lile lile alilokuwa akilidarizi kwenye vitambaa vya meza. Mistari ilitetemeka, lakini ua lilionekana.

Naikumbuka miezi ile kwa harufu ya saruji mbichi na migebuka. Watu wa Kasanga, kule ziwani, walituletea samaki hao wakiwa wamekaushwa, nami nikiwapika kwa nyanya na ugali wa ulezi, fundi akila jikoni kwa sababu hakutaka kula mbele ya Mwalimu, na mama akila sebuleni kwa sababu hakutaka fundi aone chakula kikimtoka upande wa mdomo. Waliongea hivyo hivyo, kila mmoja chumba chake, nami katikati nikisikiliza. Mama alimuuliza kama bado anashona vifungo. Fundi alijibu kwamba mke wake anashona. Mama akasema basi kazi yake ya mwaka mzima ilipotea bure, na nikamsikia fundi akicheka na ugali mdomoni, akijaribu kulificha cheko. Nyumba yetu haikuwa imesikia cheko tangu Januari. Nadhani ndiyo maana nikawa nalipenda lile bafu kabla halijaisha, nikalipenda kama mtu anavyopenda jambo linalomrudishia mzazi wake.

Ikafika siku ya kupima kibaraza na ule mti wa kushikia. Fundi aliniita pembeni, akiwa ameinamisha macho. Alisema kwa kawaida mwenye kuoga ndiye anayepaswa kukaa, afanye kama anaoga, anyanyuke, ashike, ndipo mtu aweke alama. Hakuhitaji kumalizia. Ungemwambiaje Mwalimu akae kwenye kona ya kuogea, ajifanye anaoga, mbele ya mwanaume ambaye yeye mwenyewe ndiye alimfundisha kusoma futi? Mimi nami sikuweza. Nilijiona nikimtamkia mama maneno hayo na uso ukawaka. Nikasema mimi na mama tunalingana. Kila mtu alisema tumefanana kimo na hata mwendo. Fundi akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Tukasubiri mama alale baada ya chakula cha mchana. Nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikanyanyuka, nikanyoosha mkono wa kushoto kwa uangalifu kwa kuwa ndio uliokuwa mzima kwake, na fundi akachora alama ukutani. Tulinong'ona tu. Tulifanya haraka, na tulijiona tuna heshima sana.

Mwishoni mwa Mei bafu likaisha. Mlango mpana, bila kizingiti, sakafu iliyoinamia kidogo kwenye tundu la maji, ua la waridi na jeupe likizunguka pembe zote, dirisha dogo lenye pazia la kitenge, na mti wa mkurungu uking'aa kama mguu wa kitanda cha arusi. Mama alisimama mlangoni akitegemea mkongojo. Alitazama muda mrefu. Alisema ni pazuri, akasema tena, kisha akaniambia nitoke, nimwachie maji. Nikakaa koridoni sakafuni na kusikia kopo likichota, na maji yakimwagika, pwaa, na tena, pwaa. Nililia kwa furaha. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nililia. Kuanzia siku ile mimi niliogea bafu la zamani la uani, nikamwachia lile la ndani kuwa lake peke yake. Kila asubuhi nilipeleka ndoo ya maji ya moto, nikafunga mlango, nikasikiliza. Akina mama wa jumuiya walipokuja kusali kwetu, baada ya rozari waliomba waone, nami nikawaongoza wawili wawili kama mtu anayeonyesha altare mpya. Walipapasa mti. Walivua ndala ili waikanyage sakafu kwa miguu mitupu.

Ilikuwa siku ya namna hiyo, katikati ya baridi ya Juni, nilipokwenda jikoni kuongeza maji ya chai nikawasikia wawili wao uani, nyuma ya dirisha. Walisema kwa Kifipa, kwa sauti ya watu wanaohurumia. Mmoja alisema bafu ni zuri, lakini Mwalimu ananuka jasho, yeye aliyekuwa ananukia poda kanisa zima. Mwenzake akasema labda binti ni mvivu. Niliipua sufuria kwa mkono mtupu, nikaungua, nikairudisha. Wageni walipoondoka niliingia bafuni. Sabuni ya kuogea ilikuwa pale nilipoiweka mwenyewe wiki tatu kabla, na herufi zilizogandamizwa juu yake zilikuwa bado zimesimama, kali, unazisoma zote. Niliishika. Ilikuwa kavu kama jiwe la njiani.

Nilimkuta mama kitandani, viatu miguuni, akitazama mlango kana kwamba alishajua nitaingia na nini mkononi. Sikumfokea. Nilimwomba anionyeshe. Tukaenda. Choo alisema anakiweza, kwa sababu kiko karibu na mlango na fremu anaifikia. Kisha akasogea mpaka kwenye kona ya kuogea, akaketi kwenye kibaraza kwa shida, na miguu yake ikabaki imenyooka mbele, magoti hayakukunjika kama yangu siku ya kupima. Akanyoosha mkono wa kushoto kuufuata mti. Kati ya ncha za vidole vyake na mkurungu ilibaki shibiri moja. Kuifikia ilimbidi ajirushe, aachie ukuta, asiwe ameshika kitu chochote duniani kwa muda wa kumeza mate. Siku ya kwanza alijirusha, akakosa, akaangukia kibaraza. Hakuita. Tangu hapo alikuwa anasimama mlangoni akiwa ameshika fremu, anamwaga maji kwa kopo sakafuni ili niyasikie, anajipangusa uso na kwapa kwa kitambaa, basi.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa unalipenda mno." Alisubiri pumzi irudi. "Kalisto alimpima nani?"

"Mimi."

"Nilikuwa wapi?"

"Umelala. Tuliona aibu kukuita."

Hakuonekana na hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo. "Aibu ilikuwa yenu," alisema, "nikaibeba mimi wiki tatu."

Nimefundisha watoto miaka mingi sasa, na nimekaa kwenye vikao vingi vya watu wema wanaopanga mambo ya wengine mlango ukiwa umefungwa, na kila mara sentensi ile inaniinukia. Tulikuwa tumempenda. Fundi hakulala vizuri usiku hata mmoja akiwaza mteremko wa maji. Mimi ningeweza kumbebea zege kichwani. Kitu pekee ambacho hatukuweza ni kumtazama alivyokuwa, na tukakiita hicho adabu. Tulimjengea bafu mwanamke wa miaka ishirini na mitatu mwenye magoti mazima, ambaye alikuwa na bafu jingine uani.

Kesho yake mama alimwita Kalisto yeye mwenyewe, akamtuma mtu kwake. Alivaa gauni lake la kwenda kanisani na kitambaa kichwani, akaingia bafuni mbele yetu, akaketi kwenye kibaraza. Fundi alisimama mlangoni akitazama vidole vya miguu yake. Mama akamwambia asogee, amtazame, kwa sababu ukuta haupimwi kwa kutazama chini. Akaomba chaki yake ya kushonea. Kisha akafanya yote, pole pole, akiwa amevaa: akajimwagia kopo tupu, akajisugua bega, akainama, akatafuta pa kushika, na kila mkono ulipofika wenyewe bila kulazimishwa akachora mstari wa bluu ukutani. Mistari ilikuwa chini kuliko yote tuliyoidhania, na mmoja ulikuwa ubavuni kabisa, karibu na nyonga, mahali ambapo mimi na fundi tusingepafikiria hata tungekaa mwaka. "Hata darasani ulikuwa hivi," alimwambia. "Unakadiria, halafu unakata kitambaa." Fundi akasema, "Nisamehe, Mwalimu." Mama akamjibu kwamba msamaha ataupokea ukiwa umefungwa kwa skrubu. Kibaraza kiliongezwa urefu wa kiganja. Mti ukakatwa viwili. Matundu ya zamani yaliyobaki kwenye ukuta fundi aliyaziba kwa vipande vya waridi vilivyokuwa vimebaki kwenye ungo, na mama hakutaka yafichwe zaidi ya hapo.

Akaoga. Yapo mambo mawili ambayo masikio yangu yaliyajua kuanzia hapo: maji yanayoanguka sakafuni huanguka mara moja, na maji yanayoanguka kwenye mwili huchelewa, hugawanyika, hufika chini yakiwa yamechoka. Nilishangaa niliwezaje kutoitambua tofauti hiyo wiki zile zote. Poda ilirudi. Kanisani alirudi. Alijiosha Julai, Agosti, Septemba na Oktoba, na Novemba majina yakatoka, nikapangiwa shule ya huku Namanyere. Nilikuwa darasani wiki ya pili ya Desemba waliponiita ofisini. Kiharusi cha pili hakikumpa hata muda wa kulala hospitali. Miezi mitano na siku kadhaa, ndicho alichokipata kutoka kwa kazi yote ile. Nyumba tuliiuza baadaye. Aliyeinunua ana duka la pembejeo, na naambiwa chumba kile sasa kinawekwa mifuko ya mbolea. Kuna watu wangesema hatukuvuna kitu. Mimi huwa narudi kwenye asubuhi moja ya Oktoba, kabla ya mvua za kwanza, jua likiwa limeshaingia koridoni.

Nilikuwa napita na ufagio. Komeo la bafu lilikuwa limefunguliwa kutoka ndani, mlango ukiwa wazi kidogo, jambo ambalo halikuwa kawaida, nikadhani ameanguka. Nikasukuma mlango. Mama alikuwa ameketi kwenye kibaraza, uchi, amelowa, mkono wa kushoto umeshika mti wa ubavuni, povu shingoni, ananitazama moja kwa moja. Aliniambia niweke ufagio chini, niingie, nimsugue mgongo kwa sababu haufikii. Nikachukua kitambaa kutoka mkononi mwake. Sikuwahi kuutazama mgongo ule vizuri, hata miezi ile ya beseni, kwa kuwa nilikuwa nasugua nimegeuza macho. Ulikuwa mpana kuliko nilivyodhani, wenye madoa meusi mabegani, na uti ulioanza kupinda upande. Nilisugua kutoka shingoni kwenda chini. Alilalamika kwamba maji yamepoa, akaniuliza kama maharage nimeshayainjika, akasema jirani ameleta bamia. Niliitikia kila jambo. Nilipokuwa nimefika kiunoni nikaona bora nimalizie na miguu, nikapiga magoti, nikaishika ndoo.

Akaniondoa mkono taratibu. "Inatosha hapo," alisema. "Toka sasa, nimalizie mwenyewe."

Nikamrudishia kitambaa, nikatoka, nikauvuta mlango.